Shimo lilisema salama, mteremko ukaporomoka. Wadau, nani alikosea?

#1 Mpandaji_Pole

Wakuu, salaam. Naomba akili zenu, maana leo ni usiku wa tatu sipati usingizi.

Tulikuwa watatu, ngozi za kupandia chini ya ski, tunapanda upande wa kaskazini-mashariki. Taarifa ya asubuhi ilisema hatari ya maporomoko ya theluji ni daraja la 3 kati ya 5, na tatizo kuu ni tabaka dhaifu la zamani lililofunikwa. Tukakubaliana tuchimbe tujionee wenyewe. Tulichimba mpaka ardhini, sentimita 120, kwenye mteremko wa nyuzi 28. Nikakata safu pana, nikalaza beleshi juu yake upande mmoja, nikaanza kugonga nione kama tabaka dhaifu litakatika. Mapigo 10 ya kiganja, kimya. Mapigo 10 ya kiwiko, kimya. Nikahamia ya bega, na pigo la pili, yaani la 22, theluji ikakatika chini ya beleshi tu. Ufa haukuvuka kwenda upande wa pili. Kwa nilivyofundishwa, hiyo ni dalili kwamba ufa ukianza hausafiri. Tukafukia shimo, tukaendelea.

Dakika 40 baadaye tulikuwa tunavuka sehemu tambarare, mahali ambapo ungeweka mpira ukatulia. Mwenzangu wa mbele akakanyaga, theluji ikaguna. Haukuwa mlio wa kitu kupasuka. Ulikuwa mguno mzito, kama mtu ameangusha godoro chumba cha juu, na niliuhisi magotini kabla haujafika masikioni. Papo hapo mteremko wa kushoto juu yetu ukachanika mstari mmoja, upana kama mita 70, ukashuka wote. Baadaye niliupima kwa mbali nikapata nyuzi 36. Kifusi kilisimama mita kama 15 kutoka kwa mwenzetu wa nyuma. Hakuna aliyeguswa.

Swali langu: shimo lilinidanganya, au mimi ndiye sikulisoma?

#2 Sakitu

Pole sana mkuu, na ashukuriwe Mungu mmerudi wote watatu.

Kabla hatujaanza kubishana, tujibu haya. Shimo lilikuwa umbali gani na pale palipoguna? Mwinuko sawa au mlishapanda? Mahali pa shimo palikuwa na upepo au pamejificha? Na mliona mawe au vichaka vikichomoza pale tambarare?

#3 Mpandaji_Pole

@Sakitu shukrani. Umbali kama mita 600, na tulikuwa tumepanda kama mita 90 zaidi. Shimo lilikuwa pamejificha nyuma ya mgongo mdogo. Pale tambarare kulikuwa na mawe mawili matatu yamechomoza.

#4 Nukta_Moja

Jibu umeshalitoa mwenyewe, mkuu. Shimo ni nukta moja. Ulichimba penye theluji ya sentimita 120 iliyojificha na upepo, ukaguniwa penye mawe. Theluji haijalala sawasawa kama shuka. Upepo unanyofoa hapa na kurundika kule, jiwe la chini linaiacha nyembamba, kichaka kinaacha nafasi za hewa. Mita 5 tu zinatosha kubadilisha majibu ya jaribio.

Na mahali pabaya ni pale pembamba. Penye theluji nene uzito wako unatawanyika kabla haujafika kwenye tabaka dhaifu. Penye wembamba, karibu na mawe, ski yako inaligusa tabaka lile kama kidole kinavyogusa kengele. Ufa unaanzia hapo halafu unakimbilia penye unene. Ndiyo maana mtu wa kwanza anapita salama, wa pili anapita salama, wa tano anakanyaga pembeni kidogo na mlima mzima unashuka.

Shimo halikudanganya. Ulilihoji kuhusu mahali pasipohusika.

#5 Beleshi_La_Chuma

Mimi nauliza jambo moja kwanza. Bikoni, yaani vile vifaa vya redio vya kumtafutia aliyefukiwa, zilikuwa zimewashwa na mlizikagua mwanzo wa safari? Kila mmoja alikuwa na fimbo ya kuchokolea na beleshi lake?

#6 Ramani_Mezani

@Beleshi_La_Chuma nilijua hazitapita posti 5 kabla hujafika na bikoni 😄 Ila una haki yako, acha ajibu.

#7 Mpandaji_Pole

@Beleshi_La_Chuma ndiyo, zote tatu zilikaguliwa tulipoanza kupanda, na vifaa tulikuwa navyo wote.

#8 Jino_la_Mlima

Nataka kusahihisha kitu kwa faida ya wanaosoma kimyakimya. Nimeona watu wakichanganya majaribio mawili. La kwanza ni safu ndogo, sentimita 30 kwa 30, unagonga mara 30 hivyo hivyo: kiganja, kiwiko, bega. Hilo linakuonyesha tabaka lipo wapi na linakatika kwa nguvu kiasi gani. La pili, alilofanya mleta mada, ni safu pana ya sentimita 90 kwa 30. Lilitambulishwa 2006 na watafiti Ron Simenhois na Karl Birkeland. Hapo idadi ya mapigo si habari kubwa. Habari ni kama ufa umevuka safu nzima kwa pigo lile lile au lile linalofuata. Ukivuka, bamba lina tabia ya kusambaza ufa, rudi nyumbani. Usipovuka ni dalili njema kwa sehemu ile ile uliyokata. Ni dalili, haijawahi kuwa ruhusa.

Kwa hiyo jaribio lake alilifanya vizuri na alilisoma vizuri. Napingana na wanaotaka kumwambia hakujua kusoma.

#9 Mgeni_Theluji

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye mambo haya. Bamba ni nini? Na daraja la 3 kati ya 5 si ndiyo katikati, yaani wastani tu?

#10 Sakitu

@Mgeni_Theluji karibu. Bamba ni tabaka la theluji lililoshikamana, gumu kiasi kwamba ukilikata linaondoka kipande kizima. Peke yake halina shida. Shida ni linapolala juu ya tabaka dhaifu ambalo chembe zake hazijashikana. Ongeza mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, ongeza kitu cha kulishtua, na bamba linaondoka lote kwa pamoja huku wewe umesimama katikati yake. Hayo ndiyo maporomoko yanayoua watu wa ski. Ule unga mlegevu unaoanzia nukta moja na kupanuka kama upindo wa gauni mara nyingi ni mdogo zaidi, ingawa nao unaweza kukutupa kwenye mwamba.

Kuhusu daraja la 3, ondoa kabisa neno wastani kichwani. Mfumo wa madaraja 5 ulikubaliwa Ulaya 1993, na hatari haipandi hatua sawa kama ngazi za nyumba. Kila daraja inaruka mbali zaidi ya lile la chini yake. Vifo vingi zaidi hutokea siku za daraja la 3. Siku za 4 na 5 mlima wenyewe unapiga kelele na watu wanabaki ndani. Siku ya 3 jua linawaka, theluji ni safi, na mtu mmoja tu anatosha kuushtua mteremko.

#11 Mgeni_Theluji

Ahsante dada, nimeelewa. Naendelea kusoma.

#12 Ufa_Unakimbia

Ngoja niingize upande ambao haujaguswa. Watu wanazungumza kama vile mguno ni ishara tu. Mguno ndio tukio lenyewe.

Zamani maelezo yaliyotawala yalikuwa kwamba bamba huteleza: uzito unavuta kuelekea chini ya mteremko, tabaka dhaifu linakatwa kwa msuguano, ufa unapanuka. Ukiyashika hayo peke yake, swali la mleta mada halijibiki, kwa sababu mahali tambarare hakuna kinachovuta kuelekea chini. Mwaka 2008 mtafiti Heierli na wenzake walitoa maelezo mengine: tabaka dhaifu halikatiki tu, linabomoka. Lina nafasi za hewa ndani yake, linaporomoka kwa milimita chache, bamba la juu linajikunja na kushuka, na mkunjo ule unasafiri pembeni kama wimbi. Wimbi hilo halihitaji mteremko. Linaanzia tambarare, linatembea, na likifika penye nyuzi za kutosha bamba linaachia.

Ulichokihisi magotini ni bamba lote kushuka zile milimita chache. Hewa inabanwa, ndipo unasikia mguno. Kwa hiyo @Nukta_Moja, mahali pa shimo si kiini cha habari. Kiini ni kwamba walikuwa wamesimama kwenye bamba moja na mteremko wa juu, wameunganishwa nao, bila kujua.

#13 Nukta_Moja

@Ufa_Unakimbia sipingi mkunjo. Ila ulianzia wapi? Ulianzia penye mawe, pembamba. Tumerudi pale pale kwangu.

#14 Jino_la_Mlima

@Ufa_Unakimbia umesema vizuri lakini umeishia njiani. Mwaka 2022 watafiti Trottet, Gaume na wenzao walionyesha kwamba kwenye mteremko mkali, ufa ukishasafiri umbali fulani, unabadilika. Haubaki kuwa wa kubomoka tu. Msuguano unarudi kushika usukani na kasi inapita mita 100 kwa sekunde. Kwa hiyo picha ya zamani haijafa. Inaonekana zote mbili zinafanya kazi, moja mwanzo na nyingine baadaye. Safu ya sentimita 90 haiwezi kukuonyesha hiyo hatua ya pili hata uikate kwa ustadi gani, kwa sababu ufa haupati uwanja wa kukimbia.

#15 Kivuli_cha_Kaskazini

Mbona hakuna aliyetaja upepo? Sehemu za kaskazini na mashariki ndizo hatari siku zote. Upepo wa magharibi unachukua theluji upande wake na kuirundika upande wa pili wa mgongo. Unaweza kulundika hata mara 10 ya kasi ya theluji inayotoka angani, na anga likiwa jeupe kabisa. Mkuu, uliona moshi wa theluji ukifuka kwenye mgongo wa mlima asubuhi ile?

#16 Kusini_Kwetu_Ni_Kinyume

@Kivuli_cha_Kaskazini "siku zote" iondoe, tafadhali. Kwa wapandao kusini mwa ikweta, kama New Zealand na Andes za Chile na Argentina, upande wenye kivuli na baridi ni wa kusini. Kumbuka sababu, usikariri dira: penye kivuli tabaka dhaifu linachelewa kupona, yaani chembe zake kushikana tena, penye jua linapona haraka au linalowa na kuleta tatizo jingine. Na upepo hauna uraia, unavuma kutoka popote.

#17 Kivuli_cha_Kaskazini

Sahihi, nimepokea. Nilizungumzia kaskazini mwa ikweta na sikusema.

#18 Mpandaji_Pole

@Kivuli_cha_Kaskazini ndiyo, moshi ulikuwepo. Tuliuona tukasema mandhari nzuri. Naandika hili na linaniuma.

#19 Mama_wa_Kontua

Mwanangu Mpandaji, nimesoma yote, na nashukuru umeandika wazi hivi. Wengi wangenyamaza.

Naomba uniambie ukweli mmoja. Kabla hamjachimba, mlikuwa mmeshaamua kwenda? Nakuuliza kwa sababu mimi nimeshalifanya jambo hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilichimba mashimo mawili siku moja. La kwanza ufa ulivuka safu nzima kwa pigo la 13. Mwenzangu akasema labda tumekata vibaya, tujaribu pale pembeni. La pili halikuvuka. Tukaliamini la pili na kulisahau la kwanza, tukateleza mteremko tuliokuwa tumeuota tangu mwanzo wa majira. Haukushuka. Nikarudi nyumbani na fundisho potofu kwamba nilikuwa sahihi, na nikalibeba msimu mzima. Mlima haukuadhibu kila unapokosea, ndiyo maana ni mwalimu mbaya.

Mtafiti Ian McCammon alichunguza mamia ya ajali za Marekani akaona mitego ile ile ikijirudia: mtu anaujua mteremko, anataka kukubalika mbele ya wenzake, ameshajifunga kwenye mpango, anamtegemea anayeonekana mjuzi, anaona nyayo za wengine, anaogopa kuwahiwa theluji safi. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaoonekana kwenye shimo.

#20 Mpandaji_Pole

Mama, shikamoo. Ndiyo. Tulikuwa tumeshaamua tangu usiku. Tulichimba ili kupata ndiyo.

#21 Mama_wa_Kontua

Marahaba mwanangu. Hilo jibu lina uzito kuliko mapigo yote 22.

#22 Ramani_Mezani

Naheshimu kila hoja, lakini kwangu suala hili lingeisha mezani kabla ya beleshi kutoka begani. Werner Munter, kiongozi wa milima wa Uswisi, aliacha kanuni rahisi: daraja la 2 kaa chini ya nyuzi 40, daraja la 3 chini ya 35, daraja la 4 chini ya 30. Taarifa ilisema 3. Mteremko ni nyuzi 36. Mjadala ufungwe.

#23 Ufa_Unakimbia

@Ramani_Mezani usiufunge bado. Wao hawakuwa kwenye nyuzi 36. Walikuwa tambarare!

#24 Ramani_Mezani

@Ufa_Unakimbia ndipo watu wengi wanapoikosea kanuni hiyo. Kwenye daraja la 2 unaangalia nyuzi za pale unapopita na jirani yake. Kwenye daraja la 3 unahesabu mteremko wote, sehemu yake kali zaidi. Kwenye 4 unahesabu mpaka eneo ambalo kifusi kinafikia. Mtu anapima chini ya miguu yake, anapata 5, anaridhika, na juu ya kichwa chake kuna 36 inamsubiri.

Soma pia ajali ya Sheep Creek karibu na Loveland Pass, Colorado, 20 Aprili 2013. Watu 6 walinaswa, 5 wakafa. Walijua kuna tabaka dhaifu la chini kabisa na walikuwa na mpango wa kulikwepa, wakiwa njiani kuelekea penye mteremko mpole. Mteremko uliokuwa juu yao ndio uliowafuata.

#25 Jino_la_Mlima

Na ramani za simu zinazoonyesha nyuzi za mteremko kwa rangi nazo zina mipaka yake. Kipande kikali cha mita 10 kinaweza kumezwa ndani ya rangi ya mteremko mpole. Kipimo cha nyuzi mkononi kinagharimu sekunde chache tu za kusimama.

#26 Beleshi_La_Chuma

Najua mtanitania tena lakini lazima niseme. Mwenzao wa nyuma aliponea mita 15. Tuseme kifusi kingefika. Mchoro wa 1994 wa uwezekano wa aliyefukiwa kuishi ulitufanya tuamini tuna dakika 15 hivi. Uchambuzi wa data za Uswisi uliochapishwa 2024 umeishusha hiyo hadi dakika 10: kwa waliofukiwa kabisa na kutolewa ndani ya dakika 10, takriban 9 kati ya 10 waliishi, na baada ya hapo uwezekano unaporomoka. Dakika 10 ni za nyinyi wawili mliobaki juu. Helikopta hazihesabiwi humo.

Nimewahi kumchimba mtu. Bikoni ilionyesha mita 1.1. Fimbo ikaingia, ikagota kitu kilichokuwa laini kuliko ardhi na kigumu kuliko theluji, na mkono unajua papo hapo. Fimbo tukaiacha ilipo. Wawili tukashuka upande wa chini, umbali wa mara moja na nusu ya kina, tukachimba kuingia kwake badala ya kuchimba shimo wima juu ya kichwa chake. Theluji ya kifusi ikishatulia inaganda kama saruji. Unaikata vipande, hauichoti. Tulimfikia usoni kwa dakika 9. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, lakini alivuta pumzi tulipotoa theluji mdomoni. Leo ana watoto wawili. Hivyo msinichoke nikiuliza bikoni.

#27 Ramani_Mezani

@Beleshi_La_Chuma kaka, nilikutania na sikujua. Samahani, na ahsante kwa kutusimulia.

#28 Mgeni_Theluji

Simu mfukoni ina shida na bikoni?

#29 Beleshi_La_Chuma

@Mgeni_Theluji ina shida. Bikoni zote za sasa zinatumia kilohezi 457 na simu au kamera inaweza kuzivuruga. Ikiwa inatuma, weka vifaa vingine angalau sentimita 20 mbali nayo. Ukitafuta mtu, sentimita 50. Simu izimwe, isiwe kwenye mfuko wa kifua kile kile.

#30 Kivuli_cha_Kaskazini

Na begi la puto je, lile unalolivuta likajaa hewa? Kuna aliyewahi kulivuta?

#31 Jino_la_Mlima

Yanasaidia, kwa sababu katika mchanganyiko unaotikisika vitu vikubwa hupanda juu. Lakini watu hushindwa kulivuta au halifunguki, na puto halikulindi na mti wala mwamba. Pia halitoshi kama unasukumiwa korongoni ambako theluji inarundikana juu yako. Tusitoke nje ya mada sana.

#32 Mpandaji_Pole

Wakuu, nimerudi. Hatari ilishuka hadi daraja la 2 na jana tulikwenda kwa njia ya mgongo, bila kupita chini ya kitu chochote, mpaka kwenye ukuta wa mpasuko, ule ukingo wa theluji uliobaki pale bamba lilipokatika. Nimepima.

Katikati ukuta una urefu wa sentimita 55. Upande wa kushoto unafika 80. Ukija kulia, kuelekea yale mawe ya tambarare, unapungua mpaka 25. Pale mwenzangu alipokanyaga theluji yote ni sentimita 45 mpaka ardhini.

Ugumu niliupima kwa mkono. Bamba la juu kidole kimoja kiliingia kwa taabu. Chini yake ngumi nzima iliingia bila kusukuma, kama naingiza mkono kwenye debe la sukari. Niliichota, ikamwagika katikati ya vidole vya glavu, na chembe zikabaki zinametameta kwenye kitambaa bila kushikana hata moja. Nilipoinama kusikiliza zilikuwa zinalia kama vioo vidogo. Tabaka hilo lina unene wa sentimita 12 na limekaa juu ya ardhi moja kwa moja.

#33 Sakitu

Kazi nzuri sana hii. Sasa weka hesabu ya joto. Ardhi chini ya theluji inakaa karibu na nyuzijoto 0. Juu ulipata ngapi?

#34 Mpandaji_Pole

Hasi 12, siku ya tukio asubuhi.

#35 Sakitu

Basi angalia. Kwenye shimo lako, sentimita 120, tofauti ni nyuzijoto 1 kwa kila sentimita 10. Huo ndio mpaka ambao kwa kawaida chembe zinaanza kugeuka sukari. Penye sentimita 45, tofauti ni kama 2.7 kwa kila sentimita 10. Mvuke unapanda kwa nguvu, chembe zinakua zenye pembe, zinaachana. Theluji nene ilijifunika blanketi, nyembamba ikabaki uchi. Hiyo inatosha kueleza kwa nini shimo lilikuwa zima na tambarare ikawa mbovu.

#36 Nukta_Moja

Ndiyo niliyosema tangu posti ya 4 🙏

#37 Jino_la_Mlima

Ngojeni. @Sakitu hesabu ni sahihi lakini ni ya asubuhi moja. Sukari ya sentimita 12 juu ya ardhi haikuzaliwa asubuhi ile. Ilizaliwa mwanzoni mwa majira, theluji ilipokuwa nyembamba kila mahali, pamoja na pale penye shimo. Kwa nini basi penye shimo haikubaki? Ama ilishapona chini ya uzito, ama ipo na haikuguswa kwa sababu sentimita 120 ni kina kirefu mno kwa mapigo ya beleshi. Mapigo hayo yanafifia kadiri unavyokwenda chini. Pigo la 22 lilikata kina gani?

#38 Mpandaji_Pole

@Jino_la_Mlima lilikata sentimita 35 kutoka juu. Chini kabisa hakuna kilichotokea.

#39 Jino_la_Mlima

Basi kuna uwezekano jaribio halikuligusa kabisa tabaka lililowaangushia mteremko. Lilijibu swali la tabaka jingine.

#40 Kivuli_cha_Kaskazini

Na ule ukuta wa sentimita 80 upande wa kushoto ni mrundiko wa upepo, msiusahau. Sukari ilikuwepo kwa wiki nyingi na haikushuka. Kilichobadilika usiku ule ni mzigo.

#41 Mama_wa_Kontua

Kilichobadilika asubuhi ile ni watu watatu kufika pale.

#42 Ufa_Unakimbia

@Mpandaji_Pole hebu kumbuka vizuri: mguno ulitangulia mpasuko, au vilikuja pamoja? Na kuna muda ulipita katikati?

#43 Mpandaji_Pole

Mguno kwanza. Nikageuza kichwa, ndipo nikaona mstari ukifunguka. Labda sekunde moja, labda pungufu. Kutoka alipokanyaga mpaka ukutani nimepima mita 60.

#44 Ufa_Unakimbia

Mita 60 kwa sekunde moja au pungufu. Huenda inakaa kati ya ule ufa wa kubomoka, ulio polepole zaidi, na ule unaopita mita 100 kwa sekunde. Dah.

#45 Sakitu

Picha ya chembe unayo?

#46 Mpandaji_Pole

Hii hapa, nimeipiga kwa kadi nyeusi kupitia lenzi. Viboksi vya kadi ni milimita 2.

#47 Sakitu

Naona mistari kama ngazi pembeni, na moja ina umbo la kikombe. Hizo ni kuukuu, za mwanzo wa majira.

#48 Nukta_Moja

Mimi naona bapa tu, kikombe sikioni. Mkuu, ukienda tena chota pale penye shimo la kwanza, chini kabisa, utuwekee zote mbili pamoja.

#49 Mpandaji_Pole

Nitachota. Jumamosi, kama taarifa itaruhusu.